Nyumba ya Ishirini na Nne

Miaka kumi na moja nililinda kiwanda kilichokwisha kufa,
rungu begani, tochi kiunoni,
nikimzuia mwizi asiibe kutu.
Kisha kutu yenyewe ikauzwa kwa kilo,
nami nikapewa bahasha, mkono, na kwaheri.

Usingizi ulikuwa umenisahau.
Saa tisa za usiku macho kodo,
Kagoya anakoroma taratibu kama cherehani,
nami naisikiliza Walukuba nzima:
nani anakohoa, nani anawasha jiko,
nani anamtuma mtoto mkate gizani
na duka bado limefumba jicho.

Nikawaza: hawa wana hela, hawana alfajiri.
Mimi alfajiri ninazo tele, hela sina.
Basi.

Masese kuna tanuri ya kuni, ya Bi Zamzam,
mwanamke anayekanda unga kana kwamba umemtukana.
"Elfu nne mmoja," akasema, "na nisikuone bila pesa."
Nikauza elfu nne na mia tano.
Hiyo mia tano ndiyo miguu yangu,
ndiyo mnyororo wa baiskeli, ndiyo mlima wa kurudi.

Kagoya akashona mifuko kwa magunia ya ngano,
kila mlango ukapata msumari wake.
Jioni weka pesa, alfajiri kuta mkate.
Hakuna hodi, hakuna habari za kulala,
ni kengele tu, niliyoifunga kitambaa
isiwaamshe vichanga.

Nyumba ishirini na tatu,
na sasa nawajua watu kwa mifuko yao.
Mwalimu Tibenkana huweka noti iliyonyooka,
nadhani huipiga pasi.
Candiru, nesi, sarafu zake hunuka dawa.
Balyejusa huweka karatasi: "Kesho, ndugu yangu,"
na kesho yake karatasi ileile, kaigeuza upande.
Nyumba ya tisa, mume na mke hawasemezani:
mifuko miwili, msumari mmoja,
nusu na nusu.
Asubuhi moja nikakuta mfuko mmoja
na pesa ya mkate mzima.
Nilipanda baiskeli nikicheka peke yangu,
korongo wakinitazama toka juu ya nguzo ya taa.

Mvua ya Aprili ilinikuta kwenye reli.
Mikate kumi na mmoja ikalewa maji.
Bi Zamzam hakupandisha sauti:
"Maji hayana deni. Wewe unalo."
Kagoya akaikata vipande, akaikausha juu ya bati la moto
mpaka ikawa inalia chini ya jino,
akaiuza Jumamosi uwanjani, pamoja na chai.
Deni likaisha kabla ya kipenga cha mwisho.
Tangu hapo hunikumbusha, hata asipoulizwa,
nani mwenye kichwa katika kampuni hii.

Jana Nafula, binti yetu, mshika daftari
kwa kuwa hesabu zake hazina huruma,
aliniuliza: "Baba, nyumba zote hizi
zinakunywa chai kwa mkate. Sisi je?"
Nikaitazama meza yetu. Muhogo wa juzi.
"Kinyozi hajinyoi," nikajitetea.
Hakucheka.

Leo nimerudi, sanduku limebaki harufu tu,
nikaona msumari mpya mlangoni kwangu
na mfuko umetundikwa,
mtupu, bila hata senti.

Nikaigeuza baiskeli.
Masese tena, mlima uleule,
kwa ajili ya mkate mmoja.
Nikautumbukiza polepole, kama mgeni,
nikaigusa kengele kidogo,
nikasimama, sijui nasubiri nini.

Ndani, Nafula ameinamia daftari, kalamu nyekundu mkononi.
Nyumba ya 24. Owori. Mkate mmoja.
Hajalipa.